Nimelifuta Jina la Mkaza Mwanangu Kwenye Kijiko cha Fedha

Bi Thirza mpendwa,

Naomba unisaidie, na tafadhali unisaidie upesi, maana nimefanya jambo la aibu, na mimi ni mwanamke wa miaka sabini na mbili ambaye hajawahi kuandikia gazeti hata kulalamikia bei ya mbegu, na leo nimekaa hapa jikoni na karatasi, chai imepoa, na kila nikisikia mlango wa zizi nageuza karatasi kifudifudi kama mtoto aliyeiba sukari.

Sisi ni watu wa shamba, juu ya Chulmleigh hapa Devon, tuna ng'ombe wa maziwa na kondoo kidogo, na utajiri hatuna, lakini nyumba yetu ina kitu kimoja ambacho hata kasisi akija huomba kukiona, nacho ni kijiko kikubwa cha fedha, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, kilichofuliwa na sonara wa Exeter mwaka 1731, na tangu siku hiyo hakijatoka mikononi mwa akina Cawsey, watu wa marehemu mume wangu. Tunakitumia siku moja tu kwa mwaka, Jumapili ile ya mwisho kabla ya Majilio, tunapokoroga pudini ya Krismasi, kila mtu wa nyumba anakoroga kutoka mashariki kwenda magharibi na kuomba haja yake kimoyomoyo. Sasa desturi yetu ni hii: mke wa mwana mkubwa akiingia nyumbani, Jumapili yake ya kwanza ya kukoroga, mavyaa wake anakiosha kijiko, anakikausha, anakigeuza, anachukua msumari mwembamba wa chuma cha pua na kinyundo, na pale pale mezani anamdonolea herufi za jina lake na mwaka, kwa vitone vitone, nyuma ya mpini. Wapo wanawake wanane kwenye mpini ule. Mimi ni wa saba, 1912, na aliyenidonoa alikuwa mkali huyo, alinipiga jina kama anaua nge.

Wa nane ni Loveday, 1948, mke wa mwanangu Ambrose, na huyo ndiye anayenifanya nikuandikie.

Loveday alikuja hapa ana miaka ishirini na mbili, mama yake alifariki yeye akiwa bado wa kunyonya, kalelewa Bideford na shangazi asiyejua kucheka, kwa hiyo na yeye miezi ya kwanza alikuwa akitembea ndani ya nyumba kama mtu aliyeazima viatu. Ikafika Jumapili ya kukoroga, akakoroga, nikachukua msumari, na Bi Thirza, herufi ya pili ikaenda upande. Nikamwambia, "Nisamehe mwanangu, nimekuandika umelewa." Akakitazama kijiko, akacheka hadi akashika meza. "Iache hivyo hivyo, Mama," akasema, "walau wajukuu watajua yupi ni mimi." Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniita Mama, na mimi nilimzaa Ambrose na Ralph tu, sikuwahi kupata binti, nikaenda stoo nikajifanya natafuta chumvi.

Wajukuu hawakuja. Mwaka wa tano trekta lilipinduka na Ambrose kwenye mteremko wa shamba la chini, mwezi wa tatu, udongo umelowa, na nilikuwa nimemwambia asubuhi ile ile asipite pale. Watu wote walisema Loveday atarudi kwao kabla ya mavuno, kijana vile, hana mtoto, atakaa na kikongwe afanye nini? Akakaa. Amekaa miaka tisa. Anaamka saa kumi na moja kukamua, amejifunza kuzalisha kondoo kwa mikono yake, na mwaka ule nilipovunjika nyonga ndiye aliyeniogesha, Bi Thirza, mwili mzima, na alikuwa akiimba ili mimi nisione haya, na sauti yake ni mbaya kweli.

Sasa kuna Clifford Yeo. Clifford anaendesha lori la kukusanya maziwa, mtu mkubwa, mpole, masikio mekundu, mkewe alifariki zamani. Mwanzoni alikuwa anapakia madebe yake anaondoka. Mwaka jana akaanza kuulizia afya ya kuku. Mwaka huu mwezi wa tisa Loveday alikuja akasimama hapa hapa nilipo sasa, mikono bado ina sabuni, akasema:

"Mama, Clifford ameniuliza."

"Amekuuliza nini?" nikasema, ingawa nilijua, hata paka alikuwa anajua.

"Kama nitakubali kuolewa naye. Nimekubali. Sikutaka ulisikie nje." Kisha akasema, "Tunafikiria Jumamosi ya kwanza baada ya mwaka mpya. Mimi sina baba wala mama. Ningependa uwe wewe, Mama, unishike mkono uniingize kanisani."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nitaona kama nyonga itaniruhusu." Nikatoka kwenda kulisha kuku niliokuwa nimeshawalisha. Hajaniuliza tena. Nyumba ya Clifford iko upande wa pili wa mto, maili tisa, na hapa wamempata mfanyakazi wa kukamua, mtu mzuri tu, lakini mfanyakazi wa kukamua hajui Ambrose alikuwa anapiga mluzi gani akirudi shambani, na Loveday anaujua, na mimi naujua, na baada ya hapo hakuna mwingine.

Wiki iliyofuata akaja Muriel, mke wa Ralph, mwanangu wa pili, kunywa chai. Loveday alikuwa zizini. Muriel akapaka krimu kwenye skonzi yake taratibu sana, kama mtu mwenye neno, akasema, "Na kijiko je?"

"Kijiko kinabaki hapa," nikamwambia. "Loveday mwenyewe ameshasema hataki kitu."

"Sisemi kijiko, nasema jina. Mwanamke atalala kwa Yeo, jina lake liko kwa Cawsey? Watu si watacheka?"

Nikamwambia anywe chai yake. Lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na sitaki kumsingizia Muriel, maana mwiba wangu nilikuwa nao tayari, yeye aliusukuma tu. Nikawa kila nikimwona Loveday anapiga pasi nguo yake ya kwenda matembezini na Clifford najisemea, huyu anamwacha mwanangu. Mwanangu yuko chini ya udongo na huyu anapiga pasi.

Jumanne moja nikakifunga kijiko kwenye kitambaa cha vyombo, nikakilaza ndani ya kikapu, juu yake mayai, nikamwambia Loveday naenda sokoni, nikapanda basi la saa nne kwenda Barnstaple, kwa Bwana Eustace Pinn, sonara wa siku nyingi, kiduka chake kiko nyuma ya soko. Nikamwonyesha jina la nane. Nikamwambia, "Hili litoke."

Akavaa miwani yake ya kukuzia akalitazama muda mrefu. "Nani amekufa, mama?" akaniuliza.

"Hajafa mtu. Anaolewa kwingine."

"Aa." Akanirudishia kijiko mkononi. "Weka kidole gumba hapa, kati ya 1786 na 1822. Unasikia nini?"

Nikaweka. Palikuwa laini, pameingia ndani kidogo, kama kijishimo cha shavuni. Miaka hamsini nimekisugua kijiko kile na siku zote nilidhani ni kuchakaa tu.

"Hapo alikuwapo mtu," akasema Bwana Pinn. "Akakwanguliwa. Mimi naweza kutoa, mama yangu, kurudisha siwezi. Fedha ikishakwanguliwa inabaki nyembamba, ukipigilia tena pale pale inatoboka. Nenda nyumbani. Rudi mwezi ujao ukiwa bado unataka."

Bi Thirza, alinipa mlango wa kutokea. Na mimi nikasimama pale na kofia yangu ya kanisani nikamwambia, "Futa." Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Alikwangua, akasugua, akang'arisha, akanifungia kwenye kitambaa changu, wala hakunitazama usoni.

Nikarudi. Loveday alikuwa ameniwekea chupa ya maji ya moto kitandani kwa ajili ya nyonga, na sambusa ya nyama ndani ya jiko ibaki na joto, na kikaratasi: "Mama usisubiri, kula." Sikuweza kula. Nikakirudisha kijiko kabatini nikafunga kwa ufunguo, na ufunguo huo hadi leo ninao mfukoni mwa aproni.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita. Jumapili ya kukoroga inakuja, na juzi Loveday ameniambia, "Mama, mwaka huu niachie mimi nikioshe kijiko, ni mara yangu ya mwisho hapa." Akikiosha atakigeuza. Kila mwaka hukigeuza akatafuta herufi yake ya mlevi akacheka.

Nimefikiria kumwambia kimeibwa. Nimefikiria kumwambia kimechakaa kwa kusuguliwa, lakini amenioa mimi miaka kumi na minne, namaanisha tumekaa naye miaka kumi na minne, ananijua nikidanganya masikio yanavyonicheza. Nimefikiria kumrudia Bwana Pinn nimbembeleze adonoe upya pembeni kidogo, herufi ikiwa imelewa vile vile, Loveday asijue kamwe. Nifanye lipi? Nambie lililo jepesi kama lipo. Naogopa.

Ni mimi,
Mavyaa wa Shamba la Juu

*

JIBU

Mama yangu wa Shamba la Juu,

Barua yako ina kurasa saba. Neno "kijiko" nimelikuta kila ukurasa. Neno "naogopa" nimelikuta mara moja, mstari wa mwisho, limebanwa pembeni kama mgeni asiyepewa kiti. Tutalipatia kiti hapa, lakini kwanza nikuseme, maana ulikuja kusemwa na usiposemwa hutalala.

Usiniambie wala usijiambie kwamba uliteleza. Mtu huteleza kwa sekunde moja. Wewe ulivaa kofia, ukapanga mayai, ukapanda basi, ukakaa kwenye basi hilo na vijiji vyote vikapita dirishani na katika kila kijiji lilisimama na hukushuka. Mzee wa watu akakupa mwezi mzima wa kufikiri, na wewe ukamwambia "futa". Huo ni ukatili, mama, na uliufanya kwa mtu aliyekuogesha. Nimeshasema, sitarudia.

Na sasa nikuulize swali moja la shamba, la mtu anayejua kuhesabu ndama. Mwaka 1948, Loveday aliolewa na Ambrose, au hakuolewa? Alikoroga pudini ile, au hakukoroga? Basi. Clifford Yeo na masikio yake yote mekundu hawezi kuuondoa mwaka 1948 mahali pake, na wala hajaomba kufanya hivyo. Aliyejaribu kuuondoa ni wewe. Unasema Loveday anamwacha mwanao. Mama, ulichompelekea Bwana Pinn akikwangue ni ushahidi kwamba mwanao alikuwa na mke aliyempenda. Umemkata Ambrose mwenyewe.

Najua hilo linauma. Nimeliandika mara mbili nikalifuta, mara ya tatu nimeliacha, kwa kuwa wewe si mwanamke wa kudekezwa. Miye mwenyewe nilimzika mume mwezi wa pili, mwaka wa mafuriko, na mwaka mzima nilimchukia kila mwanamke aliyenunua nyama ya watu wawili pale buchani. Chuki hiyo haikuwa na uhusiano wowote na nyama. Kwa hiyo usifikiri nakuhukumu nikiwa nimekaa juu ya ukuta.

Twende kwenye hizo njia zako tatu. Ya kwanza, kimeibwa: utamfanya mkamuaji mpya, maskini ya Mungu, aonekane mwizi hata hajafungua sanduku lake. Futilia mbali. Ya pili, kimechakaa: umeijibu mwenyewe, masikio yatakucheza. Ya tatu ndiyo inayonitisha, kwa sababu ina sura ya wema. Unataka kumrudisha mtu bila yeye kujua kwamba alitolewa. Halafu kila Jumapili ya kukoroga atakayokuja kukutembelea, miaka yote iliyobaki, atacheka juu ya herufi ya mlevi, na wewe utacheka naye, na wewe peke yako utakuwa unajua kwamba anachekea jina la bandia. Hutavumilia hata Krismasi moja. Utamwambia siku mbaya, mbele ya watu, labda mbele ya Muriel.

Na kuhusu Muriel: akija tena, mpe skonzi mbili. Mdomo wenye skonzi mbili hausemi.

Halafu yule mwanamke wa kati ya 1786 na 1822. Sijui alifanya nini. Pengine naye aliolewa kwingine, pengine aligombana na mavyaa wake kwa ajili ya siagi. Aliyemkwangua alidhani amemmaliza. Na wewe, mwanamke wa karne nyingine kabisa, umeweka kidole pale na ukamkuta yupo. Kwa hiyo usijidanganye kwamba Loveday ametoka kwenye kijiko. Yupo, na sasa yupo kama kidonda. Kazi yako ni kumwambia kidonda hicho kilitoka wapi.

Sikiliza basi utakavyofanya, na ufanye kwa mpangilio huu.

Usingoje Jumapili. Jumapili kuna bakuli, kuna watu, kuna zabibu za kuchambua, utapata visingizio ishirini. Jibu hili nakutumia kwa posta leo Jumatatu, utalipata Jumatano. Gazetini nitalitoa Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya pudini. Nimebadilisha majina, lakini kijiko hakibadilishiki jina, hakuna cha pili kama hicho Devon nzima, na najua Loveday anasoma ukurasa huu kwa sababu kila mwanamke anayekamua upande huo anausoma akisubiri lori. Sikutishi. Nakuambia tu kwamba akilisoma kwanza kwangu, hutakuwa na kitu cha kumwambia.

Alhamisi, maziwa yakishaondoka, mwite jikoni. Toa huo ufunguo kwenye aproni. Kiweke kijiko mezani, mgongo juu, mbele yake, na useme: "Loveday, nilikipeleka kwa sonara akufute. Nilijua ninachofanya." Kisha nyamaza. Usitaje nyonga. Usimtaje Muriel. Usimtaje Ambrose. Usilie kabla yake, maana ukitangulia kulia wewe yeye ataacha machozi yake akuhudumie ya kwako, ndivyo alivyo, umeniandikia mwenyewe kwamba huimba ili wewe usione haya. Siku hii moja, mwache awe yeye ndiye mwenye msiba.

Akitoka nje, mwache atoke. Akienda kwa Clifford na kurudi kesho yake, mpikie chakula usimuulize. Akikaa wiki hasemi, ni haki yake, na pudini ikorogwe na mwiko wa mti mwaka huu kama watu wengine wote, haitaharibika. Usimwombe msamaha siku ile ile kama mtu anayedai risiti. Msamaha utakuja kwa miguu yake, na kama unamjua Loveday kama ninavyoanza kumjua mimi kwa kurasa saba, hautachelewa sana, lakini si juu yako kuuharakisha.

Usimpe msumari ajidonoe upya. Najua ulishaanza kuliwazia hilo, ni jambo zuri la kusimulia. Akitaka jina lake lirudi ataomba mwenyewe, na atakuonyesha mahali, na patakuwa kando, kwa sababu pale pa zamani fedha imekuwa nyembamba kama alivyosema mzee. Asipotaka, kijiko kitabaki na vishimo viwili, na wewe ndiye utakayemweleza kila atakayekirithi kwamba cha pili ulikichimba wewe. Usimwachie mtu mwingine aje kudhani ni kuchakaa.

Sasa tumpe kiti yule mgeni. Loveday atakuuliza kwa nini. Hapo ndipo utakapotaka kumjibu kwa desturi, na kwa akina Cawsey, na kwa watu watacheka. Usithubutu. Mwambie lile uliloniandikia mimi nisiyekujua: "Niliogopa kubaki bila wewe." Miaka kumi na minne umeongea naye habari za kuku, za madebe, za mvua, na kikaratasi cha "kula, usisubiri" kimekuwa kikienda na kurudi baina yenu kama ndiyo lugha pekee mliyo nayo. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipomwambia kwamba unampenda. Sikupaona. Ulienda stoo kutafuta chumvi.

Na jingine. Alikuomba mkono wako kanisani tangu mwezi wa tisa, na hujamjibu. Baada ya kumwambia yote, na si kabla, mwambie kwamba kama bado anakutaka, utakwenda, kwa nyonga au kwa fimbo au kwa kubebwa na Clifford mgongoni. Mama yangu, yule mwanamke amezalisha kondoo kwenye theluji na amemzika mume, kutoka mlangoni hadi madhabahuni ni hatua ishirini na anaziweza peke yake. Hakukuomba umtembeze. Alisimama pale na sabuni mikononi akakuuliza kama akiolewa bado atakuwa na mama, na wewe ukaenda kulisha kuku walioshiba. Kamjibu Alhamisi.

Bi Thirza